Ng'ambo ya Barabara ya Harlan

Jumanne, 5 Septemba
Shule zimefunguliwa. Simone ameingia darasa la tatu na viatu vinavyombana, ila hakubali kwamba vinambana kwa sababu alivichagua mwenyewe. Nimeanza kuandika tena. Desmond amecheka: "Mke wangu, utaandika nini, na hapa Fairmead hakutokei kitu?" Nikamwambia nitaandika kwamba hakikutokea kitu.

Jumatano, 6 Septemba
Hakikutokea kitu. Joto.

Jumapili, 10 Septemba
Wifi Verlene amekuja chakula cha mchana na mwanawe Jabari. Huyu ndiye dada mkubwa wa Desmond, na tangu niolewe hajaniacha nipumue. Leo ametafuna paja la kuku, akatafuna, akanikazia macho. "Wifi, huyu kuku alikufa lini? Mkavu kama mahubiri ya Mchungaji Boykin." Nikamjibu kuku kanunua kaka yake, amuulize yeye. Tukacheka hadi Desmond akatoka nje na sahani yake.

Verlene anakaa Larkspur, zile nyumba za ghorofa za kupanga ng'ambo ya Barabara ya Harlan. Mapaa yake nayaona nikiwa jikoni. Barabara hiyo ndiyo mpaka: watoto wa upande huu husoma Ridgemont, wa upande ule husoma Colby. Simone na Jabari walizaliwa mwezi mmoja, wakaogeshwa beseni moja, ila hawajawahi kukaa darasa moja. Sikuwahi kulifikiria sana. Mimi na Desmond tulinunua nyumba hii kwa ajili ya Ridgemont. Miaka mingi nilisafisha meno ya watu kliniki moja mchana na nyingine jioni, ili nivuke barabara ile. Nilipovuka sikugeuka nyuma, na sioni haya kusema hivyo.

Alhamisi, 14 Septemba
Kumbe kitatokea. Bodi ya elimu ya wilaya imetangaza kwamba Colby imefurika na Ridgemont ina vyumba vitupu, kwa hiyo imetoa ramani mbili tuchague. Ramani ya kwanza: mpaka ubaki pale pale, Colby ijengewe madarasa mapya kwa kodi mpya ya nyumba. Ramani ya pili: mpaka ufutwe. Watoto wadogo wa pande zote mbili wasome Ridgemont hadi darasa la pili, kisha wote wahamie Colby kuanzia la tatu hadi la tano.

Maana yake mwakani Simone angevuka Harlan kila asubuhi kwenda Colby.

"Haiwezekani," nimemwambia Desmond.

"Mimi nilisoma shule kama Colby."

"Ndiyo. Na ukakimbia."

Ameenda kukata majani ambayo aliyakata juzi.

Jumamosi, 16 Septemba
Jirani yangu Gretchen Haverkamp amekuja na mkate wa maboga wa moto, kama afanyavyo kila mwaka majira haya. Mwanawe Carter yuko darasa moja na Simone. Gretchen ndiye mtu wa kwanza aliyenigongea mlango tulipohamia hapa, wakati wengine walikuwa wanatuchungulia nyuma ya mapazia. Sitalisahau hilo. Leo alikuja pia na kibao cha kuchomeka bustanini: LINDENI SHULE ZA MTAA.

"Wewe hasa unajua tulivyohangaika kufika hapa," akasema.

Nimekichomeka mwenyewe, nikakigonga kwa kisigino.

Jumatatu, 25 Septemba
Vibao vimejaa mtaa mzima. Mzee Krantz tu, yule anayeishi kona na bendera yake kubwa, ndiye hana. Huyo hajawahi kutusalimia.

Jumapili, 1 Oktoba
Nitaandika yote, hata yale nisiyopenda.

Verlene alikuja kula baada ya kanisa. Nilimwona kupitia dirishani ameshuka garini na bakuli la makaroni na jibini. Akasimama mbele ya kibao. Akasimama tu. Nikatoka, mikono ina unga, nikijifanya nakwenda kumpokea bakuli.

"Lindeni shule za mtaa," akasoma kwa sauti. "Wifi, mimi nakaa mtaa gani?"

"Verlene, usilichukulie hivyo. Ni habari ya mabasi na—"

"Nimekuuliza. Hapa na kwangu ni mwendo wa kuchemsha yai. Mimi nakaa mtaa gani? Nakaa mwezini?"

"Nilifanya kazi sana kupata nyumba hii."

"Na mimi nafanya nini kule nyumba ya wazee? Nacheza karata? Nawageuza watu vitandani usiku kucha, mgongo wangu umekuwa kama ngazi mbovu." Hakupandisha sauti. Mimi nimezoea makelele yake. Utulivu ule ndio ulionitisha. "Kwa hiyo Jabari akija Jumapili kula ni mtoto wenu. Akija Jumatatu kusoma ni mafuriko, mnamwekea ukuta."

Desmond alitokea mlangoni. Akaona kibao, akaniona mimi, akamwona dada yake. "Dada, ingia ndani kwanza tule."

"Nyie kuleni."

Akampandisha Jabari garini. Mtoto alikuwa amekwisha kufungua kamba za viatu ili aingie ndani. Akaondoka na bakuli lake.

Tumekula sisi watatu. Simone ameuliza kwa nini shangazi ameondoka, na baba yake akamwongezea chakula.

Jumanne, 3 Oktoba
Mvua. Desmond ananiongelesha kwa adabu kama mgeni wa hoteli.

Alhamisi, 5 Oktoba
Mkutano nyumbani kwa Gretchen. Sebule imejaa, divai, jibini, mishumaa yenye harufu ya mdalasini. Mimi peke yangu mweusi. Nimezoea. Bwana mmoja anayeitwa Todd akazungumza juu ya bei za nyumba kushuka, kisha akasema watoto wa kule "wanakuja na mambo yao ya nyumbani." Akanitazama, akatabasamu. "Simaanishi watu kama ninyi, Rochelle. Ninyi mlihangaika mkafika."

Watu wakatikisa vichwa kwa upole, kana kwamba nimepewa zawadi. Nikamtazama Gretchen. Alikuwa anapanga biskuti kwenye sahani ambayo ilishapangwa.

Ijumaa, 6 Oktoba
Mvua bado.

Jumatano, 11 Oktoba
Leo saa nne asubuhi nimepigiwa simu kliniki. Shule ya Colby. Jabari kabanwa na pumu, mama yake hapatikani, na mimi ndiye mtu wa pili wa kupigiwa. Yaani pamoja na yote yale, Verlene hakufuta jina langu.

Sikuwahi kuingia Colby. Miaka yote hii naona mapaa ya upande ule nikiwa jikoni, sikuwahi. Mvua ilikuwa ya kumwaga. Nyuma ya jengo wamepanga madarasa ya muda, yale makontena marefu yenye ngazi za mbao, na kati yake maji yamesimama. Nikawaona watoto wawili chini ya mwavuli mmoja wakikimbilia jengo kubwa. Nikadhani wametoroka, kumbe wanakwenda choo. Kontena la Jabari linanuka ukungu mtu akifungua mlango tu. Mimi sina pumu, na kifua kilinikaza.

Lakini hili ndilo ninalotaka kuliandika: mwalimu alikuwa anafundisha. Bi Delgado, binti mdogo mwenye gumbuti za mvua, alikuwa amekata mikate ya mahindi vipande vipande, watoto wanatafuta theluthi na robo, wanabishana, mmoja anamkatalia mwenzake kwa Kihispania, mwingine anamtafsiria, na darasa zima linajua kinachoendelea. Simone yuko kwenye hesabu hizo hizo za sehemu wiki ya tatu na kila jioni analia. Nilisimama mlangoni nikidondosha maji, nikaona haya ya aina ambayo sikuwa nayo asubuhi. Nilijua Colby ni shule mbaya. Nilijuaje? Nani aliniambia?

Jabari alikuwa kwa nesi, dawa ya kupuliza mkononi, midomo inaanza kurudi rangi. "Anti," akasema akihema, "nimeshinda tahajia."

Nikaja naye nyumbani. Alasiri Simone aliporudi nikamwambia binamu yake amelala chumbani kwake, apite polepole. Akaangalia chini. Baadaye, nikiwa namsuka nywele, akanieleza mwenyewe. Carter na wengine walisema shuleni kwamba watoto wa Larkspur wana chawa na watawaleta Ridgemont. Wakamuuliza, wewe si una ndugu kule?

"Ukasemaje?"

"Nikasema sina binamu."

Nikaweka kitana chini. Hakuna aliyemfundisha mtoto huyu kusema hivyo, na kila mtu amemfundisha. Mimi nilichomeka somo lile bustanini nikaligonga kwa kisigino.

Nimetoka nje kwenye mvua hiyo hiyo nikaking'oa kibao.

Alhamisi, 12 Oktoba
Nimekwenda Larkspur baada ya kazi. Verlene alifungua mlango na sare yake ya kazi.

"Nimekuja kuomba radhi, wifi."

"Kwa kumpokea mwanangu au kwa kibao?"

"Kwa kibao. Na kwa miaka."

Akanitazama sana. Nikajua anatafuta neno la kunichoma, na analo, na ana haki nalo. Mwishowe akasogea pembeni nipite. "Samahani hailiwi, Rochelle. Mama wa Larkspur wanakutana Jumamosi chumba cha kufulia nguo. Njoo na mdomo wako huo uliozoea kuwaamrisha watu wafungue vinywa. Na uje na kitu cha kula, ila si kuku."

Jumamosi, 14 Oktoba
Chumba cha kufulia. Mashine zinazunguka, tunasemezana kwa kupiga kelele. Wapo akina mama wa Kihondurasi wanaofanya kazi kwenye vitalu vya maua, wapo weusi, yupo msichana mmoja mzungu na mapacha wake, baba mmoja. Wote wanasema jambo moja: mikutano ya bodi huwa jioni, na jioni wao wako kazini. "Tunasafisha ofisi zao wakati wao wanajadili watoto wetu," akasema mama mmoja, Reina, na wote wakacheka kicheko kisicho na furaha.

Nimepeleka keki ya ndimu. Imeisha. Verlene hakusema neno, na kwa Verlene hiyo ni medali.

Jumapili, 22 Oktoba
Majani yamepukutika yote. Gretchen alipita na mbwa wake, akaona shimo palipokuwa na kibao.

"Kimeanguka?"

"Nimekitoa."

"Nilidhani tuko pamoja."

"Gretchen, mtoto wa wifi yangu anasoma kwenye kontena lenye ukungu."

"Basi si wajengewe! Hakuna anayekataa wajengewe." Machozi yalimlengalenga kweli, hakuwa anaigiza. "Carter wangu hawezi mabadiliko, Rochelle, unajua alivyo. Mimi namfikiria mwanangu."

"Na mimi nilikuwa hivyo hivyo," nikasema. Hakupenda jibu hilo.

Jumanne, 31 Oktoba
Sikukuu ya watoto kujigeuza mizimu. Watoto wa Larkspur wamevuka Harlan kuomba peremende. Nyumba kadhaa zikazima taa za barazani. Ya kwetu niliwasha hata ya gereji. Nimegawa peremende na miswaki, wamechukua peremende.

Jumamosi, 4 Novemba
Carter amefanya sherehe ya kuzaliwa. Simone hakualikwa. Amesema hajali, kisha amelala saa kumi na moja jioni.

Jumapili, 5 Novemba
Mzee Krantz amegonga mlango! Miaka sita hajanisalimia, leo amesimama barazani na kofia yake.

"Kwa nini ulitoa kibao?"

Nikajiandaa kwa vita. "Kwa sababu nataka ramani ya pili."

"Vizuri. Na mimi."

Nikamkaribisha chai kwa mshangao mtupu. Verlene alikuwa jikoni. Tangu wiki iliyopita amerudi kula Jumapili. Mzee akakaa wima kama yuko mahakamani.

"Unapenda watoto?" Verlene akamuuliza.

"Hapana."

"Basi?"

"Napenda kodi yangu. Ramani ya kwanza wanataka nilipie majengo mapya wakati kule Ridgemont kuna vyumba wanawekea miti ya Krismasi ya plastiki. Vyumba vipo! Mke wangu alifundisha pale. Vitupu!" Akagonga meza. "Watoto wakae vyumbani. Weusi, weupe, wa kijani, sina habari nao. Wakae vyumbani!"

Verlene akaegemea kiti, akamtazama kama mtu aliyeokota kito kwenye jalala. "Mzee, una marafiki wangapi wasiopenda kodi?"

"Wote. Ndiyo maana ni marafiki zangu."

"Wifi," Verlene akaniambia, "mkatie mzee keki."

Jumanne, 14 Novemba
Mkutano wa kwanza wa bodi, saa moja jioni. Ukumbi umejaa watu wa upande wetu na kofia za kijani za Ridgemont. Wa Larkspur walikuja watatu tu waliopata ruhusa, na Verlene si mmoja wao. Nilisema yangu juu ya makontena, na Bi Delgado na mikate yake ya mahindi. Todd na wenzake wakakohoa kwa makusudi. Krantz alisema yake akapigiwa makofi na wazee wenzake.

Wajumbe wawili wanataka ramani ya kwanza, wawili ya pili. Wa tano ni Dakta Whitlow, mstaafu mpole mwenye miwani. Akatazama viti vya nyuma vilivyo wazi akasema, bila ubaya, "Ninachojiuliza ni kwamba wazazi wa Larkspur wenyewe siwaoni. Labda jambo hili haliwagusi sana."

Nilitaka kusimama nimwambie yuko mmoja ghorofani juu ya kichwa chake wakati huo huo, anapiga deki. Muda wa kusema ulikuwa umefungwa.

Kura itapigwa Jumanne ya tarehe 28, jioni vile vile.

Alhamisi, 23 Novemba
Sikukuu ya Shukrani. Bata mzinga kwetu, vingine vyote kwa Verlene. Wakati wa kushukuru kila mtu alisema neno. Simone akasema, "Nashukuru kwa Jabari," halafu akanong'ona kitu sikioni mwa binamu yake. Jabari akamjibu, "Najua, uliniambia. Nipe mkate." Basi. Watoto wamemaliza wenyewe.

Kuhusu bata mzinga wifi alisema: "Safari hii umemwonea huruma kidogo."

Jumatatu, 27 Novemba
Watu wa Larkspur hawawezi kuja kesho. Reina ameomba ruhusa akaambiwa akienda asirudi. Verlene vile vile. Nimekaa na simu mkononi nikihisi kama mtu anayesukuma lori mlimani. Redio inasema upepo wa ziwani unaleta theluji.

Jumanne, 28 Novemba
Theluji! Imeanza alfajiri na haijakata. Mlango wa nyuma haufunguki. Shule zimefungwa, kliniki imefungwa. Saa nane mchana bodi imetangaza: mkutano umeahirishwa hadi Jumamosi, saa nne asubuhi.

Nimesoma tangazo lile mara mbili kabla halijaingia kichwani. Jumamosi. Asubuhi.

Nikampigia Verlene. Hakuniacha nimalize. Alipiga vigelegele vya kanisani ambavyo Desmond alivisikia akiwa chini kwenye mashine ya kupasha nyumba joto.

Jumamosi, 2 Desemba
Sijui nianzie wapi. Naanzia barabarani.

Theluji imeanguka tena jana, na asubuhi hakuna basi lililotembea. Magari ya Larkspur yamefukiwa yote. Saa mbili nikatazama dirishani nikasema moyoni, basi, Mungu ametoa na Mungu ametwaa. Desmond akavaa buti akasema anakwenda kumchukua dada yake kwa miguu. Tukatoka wote watatu.

Tulipofika kona ya Harlan tukakuta mzee Krantz kwenye gari lake la mizigo lenye koleo kubwa mbele, anasukuma theluji na kutukana. "Kodi ninayolipa, na barabara nasafisha mwenyewe!" Alikwenda na kurudi, kwenda na kurudi, hadi lango la Larkspur.

Nao wakatoka. Walitoka kwenye lile lango kwa makundi, makoti ya kila rangi, watoto mabegani, akina bibi wameshikwa mikono. Reina mbele, amevaa viatu vyake vya kanisani na mifuko ya plastiki juu yake. Bi Delgado yupo na gumbuti zake. Walikuwa wengi kiasi kwamba wa mbele walishavuka Harlan na wa nyuma bado wanashuka ngazi. Verlene alikuwa na sare ya kazi chini ya koti. Ametoka zamu alfajiri, hakubadilisha nguo. Mtu akaanzisha wimbo, na wasiojua maneno wakaimba sauti tu. Nimeishi hapa miaka sita na sikuwahi kuona barabara ile ikipitwa na watu wengi hivyo kwa miguu. Nilitembea katikati yao nikilia, pua inaganda, sijali.

Ukumbini viti havikutosha. Wenye kofia za kijani walikuwa wamefika. Wakageuka kutazama mlango unavyozidi kumimina watu, wakasogea ukutani. Carter alikuwa na mama yake. Nikamsikia akimuuliza Simone, "Huyo nani?" na Simone, mdomo umejaa biskuti, akamjibu, "Binamu yangu. Ana pumu, hana chawa. Sogea akae." Carter akasogea. Wakaanza kuchezea barafu ya kwenye glavu zao.

Verlene alipanda kusema. Mimi nilimwandikia maneno wiki nzima. Akayakunja akayatia mfukoni.

"Mheshimiwa Dakta Whitlow," akasema, "mkutano uliopita uliuliza tuko wapi. Mimi nilikuwa kazini, namlisha supu mama mmoja aitwaye Bibi Eleanor, ambaye sasa hawezi kushika kijiko."

Whitlow akavua miwani. Sote tukaona uso wake ulivyobadilika. Ni mama yake.

"Sikukutaja nikufedheheshe," Verlene akaendelea, sauti yake ya kawaida kabisa. "Mama yako ni mcheshi, nampenda. Nimekutaja ujue kwamba tunajuana. Tunalea wazazi wenu, mnatutibu meno, tunauziana mboga, tunazikana. Kitu pekee tusichofanya pamoja ni kusomesha watoto. Sikuja kuomba nafasi kwenye shule yenu. Nimekuja kusema zote mbili ni zetu. Colby ina walimu ambao mngewapigania kama mngewajua. Ridgemont ina vyumba. Changanyeni. Mwanangu anataka tu kwenda choo bila mwavuli."

Watu wakacheka, halafu wakasimama. Hata upande wa ukutani baadhi walisimama. Krantz alipiga kelele, "Vyumba vipo!" akaambiwa atulie.

Whitlow akauliza swali moja: mzazi mwenye watoto shule zote mbili atafanyaje asubuhi? Reina akanyoosha mkono, akaeleza kwamba Ridgemont ikianza mapema kidogo, basi lile lile litapeleka wadogo kisha wakubwa. Dereva mwenyewe amekubali, na ndiye huyu hapa amekaa. Dereva akapunga kofia.

Wakapiga kura kwa kuitwa majina. Moja huku, moja kule, moja huku, moja kule. Kisha, "Dakta Whitlow?"

Akavaa miwani yake. "Ramani ya pili."

Sikumbuki kelele. Nakumbuka Verlene amenikumbatia mbavu zinataka kuvunjika, ananiambia sikioni, "Wifi! Wifi! Wifi!" kama mtu aliyesahau maneno mengine yote.

Todd aliondoka kabla hatujatulia. Gretchen alibaki amekaa, mikono mapajani. Nilipopita akaniuliza bila kuinua uso, "Yule mwalimu wa mikate ya mahindi, atakuwa na darasa la nne?"

"Sijui. Twende tukamuulize."

Akasita. Akanyanyuka.

Jumapili, 3 Desemba
Karamu Larkspur, milango yote wazi hadi kwenye ngazi. Sukuma wiki na nyama ya moshi, tamale za Reina zilizofungwa kwenye majani, pai ya viazi vitamu. Krantz alikula sahani tatu akilalamikia chumvi. Desmond alicheza na dada yake hadi akaumia goti.

Alhamisi, 7 Desemba
Goti bado.

Jumatatu, 18 Desemba
Leo alasiri, mkutano wa kwanza wa chama kimoja cha wazazi, Colby na Ridgemont pamoja. Si wote waliokuja. Nyumba tatu mtaani kwetu zimetundika vibao vya kuuza, na sitadai haikuniuma. Lakini ukumbi wa michezo wa Colby ulijaa. Wamemchagua Verlene mwenyekiti. Mhazini, kwa kura nyingi, Gretchen.

Ajenda ya kwanza ilikuwa mnada wa keki wa kukaribisha watoto. Gretchen akapendekeza keki ziwe za nyumbani zisizo na sukari. Verlene akauliza kama anataka kukaribisha watoto au kuwaadhibu. Gretchen akasema kuna utafiti. Verlene akasema kuna watoto. Reina akaleta habari ya keki zinazolowekwa maziwa, mtu akasema zitavuja, Reina akasimama kutetea keki za mama yake, Krantz, ambaye hana hata mtoto wala sababu ya kuwepo, akataka kujua nani analipia mayai. Wakagombana kwa ghadhabu ya kweli, wakikatizana, wakigonga meza.

Wamegombania keki tu. Hakuna aliyetaja Harlan.

Gretchen alinigeukia, mashavu mekundu. "Rochelle, mwambie wifi yako!"

"Ni mwenyekiti wako," nikasema. "Mwambie mwenyewe."

Akamwambia. Na Verlene, mkono kiunoni, akamjibu, na mimi nikajimiminia kahawa nyingine nikavuta kiti karibu nisipitwe na neno.